Marehemu kwenye Televisheni ya Lalla Batoul

Kibanda cha Ghizlane pale Derb Ghallef, Casablanca, ni chembamba kama kabati la nguo. Mteja mmoja akisimama mlangoni, wa pili hana pa kutia mguu. Humo ndani kuna visanduku vya kila namna vya kuingiza filamu na mechi za intaneti kwenye televisheni: vikubwa, vidogo, vya mviringo, na vijiti vinavyochomekwa nyuma ya kioo visionekane kabisa. Ghizlane anavijua vyote kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake, yupi ana maziwa na yupi ana pembe tu.

Hauzi kabla ya kuuliza. Wapo wanaokereka, lakini wengi hurudi.

"Nipe kile chenye antena nne," mwanamume mmoja alimwambia siku moja.

"Antena nne za nini, kaka? Unataka kuongea na mwezi? Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Televisheni ya mwaka gani?"

"Sijui. Ya zamani kidogo. Ilikuja na mke wangu."

"Basi kamuulize mke. Kama kioo chenyewe hakiwezi kuonyesha picha kali, nikuuzie picha kali ukaiangalie kwa macho gani? Chukua hiki kidogo. Na usikubali mtu akuambie kisanduku cha bei ya karanga kina akiba ya kuweka filamu mia. Maandishi ya juu ya boksi hayaapi kwa Mungu."

Ana miaka thelathini na minne, hajaolewa, na anaishi Sidi Othmane na mama yake, Rkia, aliyestaafu kazi ya cherehani kiwandani. Ni wao wawili tu. Baba yake, Allal, aliyekuwa mpiga fidla wa harusini, alizama baharini mwaka tisini na tano akivuka kwenda Hispania kwa mashua, Ghizlane akiwa na miaka mitano. Hivyo ndivyo alivyolelewa akijua. Maiti haikupatikana. Alisaliwa swala ya asiyekuwepo, na kaburi lake likawa maji yote yale.

Kwa kuwa ni mwanamke, na kwa kuwa mafundi wengine wote wa soko lile ni wanaume, wanawake wengi humwita majumbani mwao wakati waume hawapo. Ndivyo alivyofika kwa Lalla Batoul, mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, anayekaa ghorofa ya tatu mtaa wa Bourgogne. Ilikuwa Ijumaa mchana, na kabla hajafungua mkoba wa vifaa alikuwa ameshakalishwa mbele ya sahani ya kuskusi.

"Kula kwanza," Lalla Batoul alisema. "Mtu mwenye njaa huunga waya vibaya."

"Tatizo ni nini hasa, Lalla?"

"Tatizo ni mwanangu Reda. Yuko Lyon. Amenitumia televisheni kubwa kama mlango wa msikiti, akakusanya kaseti zetu zote za zamani, harusi, tohara, hija ya baba yake, akazigeuza sijui nini na kuziweka huko kwenye intaneti. Kila siku ananiuliza, mama, umeziona? Mimi naona giza. Kijana wa hapo chini ameniuzia hiki kijiti, lakini kila bwana harusi akikaribia kumvisha mke pete, kinazima."

Ghizlane alicheka, akaenda nyuma ya televisheni. Hakuhitaji hata dakika mbili. Kijiti kilikuwa kinanyonya umeme kwenye tundu dogo la televisheni yenyewe, na umeme ule haukukitosha. Kikipata kazi nzito kinazirai, kisha kinajiwasha upya. Alieleza hivyo hivyo.

"Kwa hiyo kina utapiamlo," Lalla Batoul alisema.

"Kabisa. Tukipe chaja yake ya ukutani kitaishi. Lakini kwa kaseti za saa tatu tatu nakushauri kisanduku kidogo hiki. Kina nafasi zaidi, rimoti yake ina vitufe vichache, na nitakivutia waya moja kwa moja kutoka kwenye ruta. Kuta zako nene, waifai inafika hapa ikiwa hoi."

Alipitisha waya nyuma ya pazia, akaubana vizuri, akachomeka kisanduku, akachagua lugha, akatafuta maandishi makubwa kwa ajili ya macho ya mwalimu. Reda alituma neno la siri kwa simu kutoka Lyon. Mara kioo kizima kikajaa vipicha vidogo vidogo, kila kimoja na jina lake. Lalla Batoul aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hebu tujaribu sauti," Ghizlane alisema. "Niweke ipi?"

"Weka harusi ya binti yangu Siham. Tuliifanyia Meknes, kwa wakwe. Sauti hapo zipo, utajuta."

Ikaanza. Ua uliojaa watu, wanawake wenye kaftani za kijani na dhahabu, watoto chini ya meza, bibi harusi juu ya kiti cha kubebwa. Ghizlane aliongeza sauti, akapunguza, akasimama katikati ya chumba kusikiliza kama inakwaruza. Mpiga picha akageuza kamera kwa wanamuziki. Walikuwa sita. Wa pili kutoka mwisho alikuwa amesimamisha fidla juu ya goti, na upinde ulikuwa mkono wa kushoto.

Ghizlane alidhani kamera imegeuza picha. Akaangalia wengine. Mpiga udi alikuwa anapiga kwa kulia, kama watu wote.

Mtu yule aliinua uso. Alikuwa na shavu lililobonyea upande mmoja, na alipomaliza kipande kile cha wimbo alifuta paji la uso kwa kiwiko, upinde bado mkononi, akacheka na jirani yake.

Rimoti ilianguka. Ghizlane hakujua kama imeanguka. Masikio yalimjaa mvumo kama mtu aliyezamishwa kichwa ndani ya ndoo. Picha moja tu ya baba yake ilikuwapo nyumbani kwao, ukutani, na kila asubuhi ya maisha yake aliipita akienda kunawa: kijana mwenye shavu lililobonyea, fidla gotini, upinde kushoto. Majirani wa zamani walikuwa wakitania kwamba ibilisi ndiye aliyemfundisha.

"Mwanangu!" Lalla Batoul alishtuka. "Mbona umepauka? Umepigwa na umeme?"

"Rudisha," Ghizlane alisema.

"Nirudishe nini? Mimi sijui kurudisha, wewe ndiye fundi."

Aliokota rimoti, akarudisha, akasimamisha picha. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na tarehe kwa tarakimu za njano: 4.9.1999.

Kichwa chake cha ufundi kikamkimbilia kumsaidia. Saa za kamera za zamani ni waongo wakubwa. Watu hawakuwa wakizirekebisha. Amewahi kuona kaseti ya tohara iliyoandikwa tarehe ambayo mtoto mwenyewe hajazaliwa. Basi harusi hii itakuwa ya tisini na tatu, au tisini na nne. Moyo ulianza kurudi mahali pake.

"Lalla," aliuliza, "harusi hii ilikuwa mwaka gani? Hiyo tarehe huwa haiaminiki."

"Hiyo? Hiyo ni kweli kama jua. Harusi ilipangwa mwisho wa Julai, kadi tumeshagawa, kondoo wameshanunuliwa. Mfalme akafariki. Nchi nzima siku arobaini hakuna ngoma. Kondoo wakanila mimi badala ya mimi kuwala. Tukangoja msiba uishe, tukafunga Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Tisini na tisa, mwanangu. Nani atasahau?"

Ghizlane alikaa chini sakafuni, juu ya zulia, miguu imekunjwa kama msichana wa madrasa.

"Yule pale," alisema. "Mwenye fidla. Yule ni baba yangu. Alikufa maji mwaka tisini na tano."

Lalla Batoul alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena. "Ya Latif," alinong'ona. Alishika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akapiga magoti pale zuliani, kwa shida, na kumshika Ghizlane kichwa, akakiegemeza begani kwake.

Kabla hajaondoka Ghizlane aliomba kipande kile cha video. Lalla Batoul alimpa bila kuuliza, akampa na jina: kundi lile lilikuwa la Maalem Benaissa, fundi mkuu wa muziki wa Meknes.

Siku tatu Ghizlane hakusema neno nyumbani. Aliketi mezani na mama yake, akamwangalia akipuliza supu, akamwangalia akipaka hina kwenye vidole vilivyochoka kwa sindano, na kila alipotaka kusema aliinuka kuondoa vyombo. Alimwonea huruma. Alifikiri: mama yangu amekaa mjane miaka karibu thelathini, amekataa wachumba wawili, amevaa nyeupe ya eda miezi minne na siku kumi, kwa mtu aliyekuwa akicheka harusini Meknes. Nikimwambia, nitamuua. Kule kibandani alimuuzia mteja kisanduku kisichofaa televisheni yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mteja aliporudi kulalamika alimwomba radhi mara tano hadi mtu wa watu akaona aibu.

Jumatatu alasiri alishindwa. Rkia alikuwa amekaa sebuleni anamenya njegere. Ghizlane aliwasha televisheni, akaunganisha simu yake na kisanduku, akasema, "Mama, kuna kitu nataka uone. Lakini jikaze moyo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

Picha ikaja. Ua, kaftani, wanamuziki. Upinde wa kushoto.

Rkia aliacha kumenya. Ghizlane alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kuzirai. Alikuwa ameweka hata chupa ya maji ya maua ya michungwa karibu ampake puani. Mama yake aliangalia kipande kizima, mpaka mwisho, bila kupepesa. Kisha akachukua ganda jingine la njegere, akalifungua.

"Zima," alisema. "Koti la kijivu halikumfaa kamwe."

Ghizlane hakuzima.

"Mama. Umeelewa ulichokiona? Hii ni mwaka tisini na tisa."

"Nimeelewa."

"Baba alikufa lini?"

"Kwako wewe, tisini na tano."

"Na kwako?"

Rkia aliweka bakuli chini. Njegere mbili ziliruka, zikaviringika mpaka chini ya kochi. "Mimi ndiye niliyemuua," alisema. "Kwa mdomo wangu. Kaa, Ghizlane. Usinisimamie kama askari."

Hakukaa. Alisikiliza akiwa amesimama, mgongo umegandana na ukuta.

Rkia alieleza kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Katika mashua ile Allal hakuwa peke yake. Alikwenda na Abdelghani, mdogo wake Rkia, kijana wa miaka kumi na tisa. Hilo Ghizlane alilijua. Picha ya mjomba ilikuwa ukutani pia, kando ya ile nyingine. Asilolijua ni kwamba Abdelghani hakutaka kwenda. Aliogopa maji. Bibi yake Ghizlane, Tamou, mama yao Rkia na Abdelghani, alimshika Allal pindo la kanzu mlangoni, akamsihi amwachie mtoto wake. Allal akacheka. Akamwambia, mama, mimi najua kuogelea, nitamshika mkono mpaka ng'ambo. Mashua ikapinduka. Habari zikaja kwamba hakuna aliyepona. Wakawasalia wote wawili siku moja.

"Mwaka uliofuata natoka kiwandani," Rkia alisema, "namkuta amesimama getini. Amekonda, amevaa viatu vya watu. Alikuwa ameokolewa na wavuvi, amelima nyanya huko Hispania. Nikamuuliza jambo moja tu. Nikamwambia, Abdelghani yuko wapi? Akainamisha kichwa."

"Ukamfukuza."

"Nilimwambia, mama yangu yuko nyumbani, kila gari likisimama anakimbilia dirishani. Akikuona wewe unatembea na mwanawe hatembei, utakuwa umeua wawili. Wewe ulikufa na Abdelghani. Baki ulipo. Akaniangalia, akasema, na mtoto? Nikamwambia, mtoto ameshazoea. Akaondoka. Hakubishana hata neno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi."

"Bibi alifariki mwaka elfu mbili na tisa, mama! Miaka kumi na mitano sasa! Hukuona siku hata moja ya kuniambia?"

"Niliona kila siku," Rkia alisema. "Ungekuwa na miaka ishirini, ungeniambia mbona hukusema nikiwa na kumi. Kila mwaka uliopita uliufanya mwaka ujao kuwa mgumu zaidi. Uongo ukiuzaa lazima uulishe."

Ghizlane alichukua mkoba akatoka. Alitembea bila kujua anakwenda wapi, akapita soko la mboga, akapita shule yake ya zamani, ambako alikuwa akiandika "marehemu" mbele ya jina la baba kwenye kila fomu kwa mwandiko mzuri. Neno lile lilimrudia mdomoni likiwa na ladha ya chuma. Alikasirika mpaka meno yakagongana, lakini kila alipotaka kumchukia mama yake aliona mkono wa bibi Tamou umeshika pazia la dirisha, akisikiliza magari. Hilo alilikumbuka mwenyewe, hakuhitaji kusimuliwa.

Siham, binti wa Lalla Batoul, ndiye aliyempatia namba ya Maalem Benaissa. Mzee alikohoa sana kwenye simu kabla ya kumwelewa.

"Allal wa kushoto? Yupo, binti. Vidole vimemkataa, fidla ameiacha, lakini yupo. Anachoma mikate kwenye tanuri la mtaa, nyuma ya lango la Bab Berdaine. Wewe ni nani kwake?"

Ghizlane alikata simu.

Alipanda treni Alhamisi asubuhi. Tanuri lilikuwa ngazi tatu chini ya usawa wa barabara, giza na joto, na mbele yake wanawake na watoto waliweka chini mbao zenye mikate mibichi iliyofunikwa vitambaa, kila nyumba na kitambaa chake. Ndani ya shimo dogo mbele ya moto alisimama mzee mwenye mabega mapana, koleo refu la mti mikononi. Alilishika kwa mkono wa kushoto.

"Wa kwako upi, binti?" aliuliza bila kugeuka. "Wa kitambaa chekundu bado."

"Sina mkate. Mimi ni Ghizlane wa Rkia. Kutoka Casablanca."

Koleo lilibaki ndani ya moto. Mzee aligeuka polepole, shavu lililobonyea likiwa jeusi kwa masizi, akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Kisha akakaa, si juu ya kiti, bali juu ya gunia la unga lililokuwa nyuma yake, kwa uzito wote, na vumbi jeupe likamzingira.

Harufu ndiyo iliyosema kwanza.

"Allal!" mwanamke mmoja alifoka kutoka ngazini. "Umelala? Mikate inaungua! Miaka ishirini sijawahi kula mkate mweusi, leo umeamua kutulisha mkaa?"

Hakusikia. Ghizlane aliruka ndani ya shimo, akashika koleo ambalo hajawahi kulishika maishani, akaanza kuvuta mikate nje, mingine ikianguka chini, mingine ikiwa na mgongo mweusi. Moshi ulimtoa machozi, na alishukuru kwa moshi.

"Huyu ni nani tena?" mwanamke wa ngazini aliuliza.

"Binti yangu," Allal alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu kwa mguu mmoja.

Wateja walipoondoka, wengine wakinung'unika, wengine wakigeuka geuka kutazama, Allal alimpikia Ghizlane chai kwenye makaa. Ghizlane alikuwa ameandaa maneno mengi ndani ya treni. Alitumia manne.

"Kwa nini hukurudi tena?"

"Mtu aliyekwisha kusaliwa swala habishi hodi," Allal alisema. Kisha akaongeza: "Mama yako hakunionea. Ulijue hilo kabla ya kunywa chai yangu. Nilimwambia bibi yako nitamshika mkono mtoto wake. Nilimshika. Usiku kucha nilimshika, ananiita kaka, kaka. Kulipokaribia kucha, sikumshika tena. Sijui nilimwachia au alichopoka. Kila siku najiuliza. Wewe ungeniuliza, ningekujibu nini?"

"Na mimi? Mimi sikuwa kwenye mashua."

Mzee aliinamisha kichwa, kama alivyofanya pengine pale kwenye geti la kiwanda. "Wewe sina jibu lako," alisema. "Nilikuwa mwoga. Kukaa marehemu ni rahisi. Hakuna anayekuomba kitu."

Hilo lilimuuma kuliko yote, na ndilo pekee alilomheshimia. Alikunywa chai. Ilikuwa tamu mno. Alimwita "Si Allal", yaani Bwana Allal, kama mtu wa nje. Neno "baba" halikutoka, naye mzee hakulidai.

Alipoinuka kuondoka, mzee alimshika ukingo wa mkono wa jaketi. "Nasikia Tamou amefariki."

"Amezikwa Casablanca."

"Naomba nifike kaburini kwake. Sitakwenda nyumbani. Sitasimama mtaani kwenu. Nifike, niseme nililoshindwa kusema, nirudi. Muulize mama yako. Akikataa, basi."

Ghizlane alifika Sidi Othmane kabla ya magharibi. Rkia alikuwa jikoni, mgongo kwa mlango. Hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu tangu Jumatatu. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama pale pale: tanuri, koleo, mikate iliyoungua, kijana aliyeita kaka, kaka. Alipofika hapo mabega ya mama yake yalipanda mpaka masikioni na kukaa hivyo. Kisha akamwambia ombi.

Rkia alifungua bomba, akaosha sufuria iliyokuwa safi. Akalifunga bomba.

"Mwambie asiende Ijumaa," alisema. "Ijumaa naenda mimi."

Allal alikwenda Jumanne. Ghizlane alifunga kibanda, akaandika kwenye kadi kwamba yuko kwa mteja, akamngoja kituoni Casa-Voyageurs. Allal alishuka amevaa jilaba, kanzu yenye kofia, iliyopigwa pasi vibaya, akiwa amebeba mkate mmoja ndani ya kitambaa, kwa sababu, alisema, hajui mtu huja na nini. Makaburini alisoma Fatiha, kisha akamwomba Ghizlane asogee mbali kidogo. Akachuchumaa kwenye udongo. Ghizlane aliona mgongo wake ukitikisika, akaona mkono wake wa kushoto ukienda na kurudi hewani anapoeleza, kama vile bibi Tamou alikuwa ameketi mbele yake na anataka kila kitu, tangu mwanzo.

Aliongea karibu saa nzima. Mlinzi wa makaburi alipita mara mbili na ndoo yake ya maji, na mara ya pili alimuuliza Ghizlane yule mzee ni nani kwa marehemu. Ghizlane alifungua mdomo, akagundua kwamba hajui neno la kumwita: mkwe wake, au mtu aliyesaliwa siku moja na mwanawe.